Miti Saba, Ikabaki Miwili

Wiki hii kila ubao wa matangazo hapa kampasi umebandikwa karatasi ileile: njooni Jumamosi tupande miti. Fulana za bure, soda za bure, picha za kutosha. Sisemi msiende. Nendeni! Ila kabla hujashika jembe, hebu tukae chini kidogo tuzungumze historia, maana hii habari ya kumfundisha mwanafunzi wa chuo aishi bila kuimaliza dunia haikuanza na fulana.

Hapa Nairobi huwezi kuisimulia bila kumtaja mwalimu mmoja wa anatomia ya wanyama. Naam, Wangari Maathai. Wengi tunamjua kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004, tukasahau kwamba kwanza alikuwa mhadhiri. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, kisha akaendelea kuwafundisha wanafunzi wa udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi. Utafiti wake wa kupe ulimpeleka mashambani, na huko akaona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda mbavu nje. Wakati huohuo akawa anawasikia wanawake wa vijijini wakilalamika: kuni ziko mbali, maji ni machafu, chakula hakitoshi. Akaona shida zote hizo zina mzizi mmoja. Miti imekwisha.

Basi, tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake waliandamana kutoka jumba la KICC hadi Kamukunji wakapanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya mtu aliyeijenga nchi hii. Hapo ndipo vuguvugu la Green Belt lilipoanzia. Lakini sikiliza sehemu ambayo watoa hotuba huiruka. Maathai alipotoa kitabu cha maisha yake mwaka 2006, kati ya miti ile saba ni miwili tu iliyokuwa imesimama. Miwili kwa saba! Hata mhadhiri mwenye huruma za mama mzazi hawezi kukupitisha na alama hizo.

Vuguvugu lenyewe lilikuja kukua kwa utaratibu mmoja rahisi sana. Wanawake walioanzisha vitalu na kugawa miche walilipwa kitu kidogo, senti kadhaa tu, lakini malipo yalikuwa kwa kila mche uliopona. Umepanda mia, wamekufa tisini? Unalipwa kumi. Wataalamu wa misitu wenye vyeti walikuwa na mashaka kama wanawake ambao hawakusoma wataiweza kazi hiyo. Wakaiweza, na miti ikafika mamilioni. Mkulima anajua tangu zamani kwamba mbegu haina maana mpaka iote. Sisi wasomi ndio tunaohesabu mashimo.

Chuo nacho kilimlipaje? Mwaka 1982 aliacha kazi ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na alipotaka kurudi kufundisha akaambiwa nafasi imeshajazwa. Akatakiwa atoke hata kwenye nyumba ya chuo. Leo chuo hichohicho kina taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake. Dunia hii!

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo sisi makomredi tunaipenda. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba vipande vya Msitu wa Karura vimegawiwa watu binafsi wajenge majumba. Karura ni msitu wa hektari karibu 1,000 ndani ya jiji, uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai alikwenda kupanda mti pale, akiwa na wabunge na waandishi wa habari, wakashambuliwa na kundi la walinzi. Alipasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, akatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwisho wa mwezi huohuo wanafunzi wakatoka madarasani wakaelekea Karura. Walipokewa kwa virungu na mabomu ya machozi, fujo zikaendelea mjini siku kadhaa, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi akatangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Watu walipoteza muda wao wa masomo kwa ajili ya msitu, na hilo si jambo dogo. Lakini hadithi tunayosimuliana hosteli huishia hapo, kwenye mawe na moshi. Baada ya pale je? Msitu ulikuwa umenusurika, ila kwa miaka mingi watu waliogopa kupita ndani kwa sababu ya majambazi. Kilichoufanya uwe Karura ya leo ni kazi isiyopigwa picha. Mwaka 2009 kikaundwa kikundi cha Marafiki wa Karura kushirikiana na Huduma ya Misitu. Uzio wa umeme ukawekwa, wakazi wa jirani wakaajiriwa kuwa maskauti, njia zikasafishwa, mimea vamizi ikang'olewa na miti ya asili ikarudishwa mmoja mmoja. Ukiingia pale leo na familia za watu zinazotembea Jumapili, unatembea juu ya jasho hilo.

Ndiyo maana nauliza kuhusu Jumamosi yetu. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa sikukuu ipande miti milioni 100, kwenye safari ya kufikia bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hesabu kubwa hizo. Lakini swali la wale akina mama wa vitalu bado lipo palepale: imepona mingapi? Hapa kwetu zungukeni nyuma ya maktaba mjionee. Vibao vyenye majina ya waheshimiwa waliopanda mwaka jana bado vipo, vimepakwa rangi vizuri. Miti ndiyo haipo.

Tukifundishwa kuishi vizuri na mazingira tunafundishwa siku moja, siku ya sherehe, halafu siku 364 hakuna mwalimu. Mfereji wa bafuni unaovuja usiku kucha hauna sherehe. Taa za korido zinazowaka saa sita mchana hazina mgeni wa heshima. Maathai alifariki mwezi Septemba 2011, na kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Somo lake alilifuata mpaka siku hiyo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Jumamosi kila chumba cha hosteli kichukue mche mmoja tu. Mmoja! Uandikwe namba ya chumba badala ya jina la mheshimiwa, na maji ya kufulia yasimwagwe, yasuuzie mwisho yaende kwenye mche. Mwisho wa muhula tuhesabu iliyopona, tubandike matokeo kwenye ubao uleule wa matangazo kama tunavyobandikiwa ya mitihani, tuone ni chumba gani kimefeli.

Haya, narudi kwenye madaftari, mtihani haungoji mtu. Tukutane Jumamosi ya kupanda. Halafu, tafadhalini sana, tukutane na Jumamosi inayofuata, ile isiyo na soda.