Kabla ya Mpenzi, Mama

Mwana Kupona alipotunga utenzi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa. Anaanza kwa kumwita binti yake asogee, aje na wino na karatasi, kwani ana neno moyoni. Mafunzo ya ndoa yanafuata baadaye: kumpepea mume, kumkanda, kutomwamsha alalapo. Lakini ukaribu wa kwanza katika utenzi ule ni wa mama na mwana, na ndio unaonigusa.

Kwa Juliet wa Shakespeare, ambaye hajatimiza miaka 14, mambo ni kinyume. Mama yake anataka kuzungumza naye habari za kuolewa. Anamtoa yaya chumbani ili wabaki wawili. Papo hapo anamwita arudi. Kukaa na mwanawe peke yake kunamshinda. Mapenzi ya Juliet na Romeo yamezoeleka kusimuliwa kama moto wa siku chache. Mimi naamini moto ule uliwaka haraka kwa sababu nyumba ilikuwa na baridi.

Hata hivyo, Juliet ana jambo ambalo binti wa Mwana Kupona hakufundishwa: kuuliza. Usiku wanapoambiana mapenzi yao, anamkataza Romeo asiape kwa mwezi, maana mwezi hubadilika. Kama nia ya Romeo ni ndoa, kesho Juliet atatuma mtu kuchukua jibu. Saa ngapi? Saa tatu asubuhi. Utenzi unamfunza binti kumsoma mume hata usingizini. Haumwambii kwamba naye ana haki ya kusomwa. Pengo hilo silifumbii macho, pamoja na heshima yangu yote kwa bibi yule wa visiwa vya Lamu.

Baadaye, Juliet anapokataa kuolewa na Paris, mchumba aliyechaguliwa na wazazi, mama anamwambia hana neno naye tena. Yaya, aliyekuwa mjumbe wa wapenzi, anamshauri aolewe na Paris. Tangu hapo Juliet hamwambii siri yake mtu yeyote wa nyumbani.

Juzi binti wa dada yangu, mwenye miaka 16, alinionyesha simu yake kwa furaha. “Amenipa paswedi zake zote, mama mdogo. Si ndiyo kupendana huko?”

Nikamuuliza huwa wanazungumza nini. Akafikiri kidogo. “Tunachati tu.”

“Na mama yako anajua?”

Akailaza simu kifudifudi mkekani. “Mama? Nitaanzia wapi?”

Dada yangu alikuwa uani, hatua kumi kutoka tulipokaa, anaanua nguo.