Korti Ilitaka Mmoja Wao Awe Mbaya

Mwaka jana tukihamisha vitu vya mathe kutoka Umoja, nilipata bahasha ya kaki chini ya kadi zetu za kliniki. Ndani kulikuwa na ombi lake la talaka la 2012. Nilikuwa na miaka tisa wakati huo. Nilikaa juu ya godoro lililokunjwa nikasoma kurasa zote sita.

Aya ya saba inasema buda hakuwahi kujali watoto. Manze. Buda ndiye alinifunza baiskeli, alikuwa anashika kiti kutoka geti mpaka kwa duka la mboga akikimbia na viatu vya kazi. Kwa bahasha hiyo hiyo kulikuwa na jibu lake, na yeye anasema mathe ni mkatili na mlevi. Mathe hata shandi hajawahi kuonja.

Miaka yote nilijua wazazi wangu walichukiana. Siku hiyo nilianza kujiuliza ni nani aliwaandikia hiyo chuki. Mimi si wakili, hata chuo niliacha mwaka wa pili, lakini sheria za Kenya ziko kwa intaneti bure, na nilikuwa na wiki mbili bila kazi.

Wazazi wangu walioana kanisani. Kesi yao ilienda kwa hakimu chini ya sheria ya ndoa za Waafrika Wakristo, na hiyo sheria iliazima sababu za talaka kutoka sheria nyingine ya kikoloni iliyoanza kutumika 1941. Sababu zilikuwa chache: uzinzi, ukatili, kumtelekeza mwenzako angalau miaka mitatu, au mwenzako awe na ugonjwa wa akili usiopona. Mke alikuwa na nyongeza kidogo, kwa mfano kama mume amebaka. Basi. "Tumechokana" haikuwepo. "Alipata kazi Nakuru tukaanza kuishi kama majirani", ambayo ndiyo stori ya kweli ya wazazi wangu, pia haikuwepo.

Fanya hesabu sasa. Walikuwa wametengana mwaka mmoja na kitu, kwa hivyo miaka mitatu haijafika. Hakuna aliyekuwa na mtu nje. Hakuna mgonjwa wa akili. Imebaki ukatili. Kama unataka kutoka, lazima uandike ukatili, uapishwe, na mwenzako asome.

Hiyo sheria ilitoka Uingereza, na huko ina historia ya kuchekesha kama huna mzazi ndani yake. Kabla ya 1937 sababu kubwa ya talaka Uingereza ilikuwa uzinzi pekee. Wanandoa waliotaka tu kuachana walikuwa wanaigiza. Mume anaenda hoteli kule Brighton, analipa mwanamke asiyemjua, asubuhi mhudumu analeta chai na kuwakuta kitandani, na huyo mhudumu ndiye shahidi. Mbunge mmoja aliyekuwa pia mwandishi, A. P. Herbert, aliiandikia hiyo aibu riwaya nzima, kisha akapeleka mswada bungeni ukapita 1937. Ndio ukaongeza ukatili na kutelekezwa. Kwao yalikuwa maendeleo. Sisi tukaletewa yakiwa yamefungwa vizuri.

Na kulikuwa na kipengele kingine ambacho nilisoma mara tatu. Kama hakimu angegundua mmekubaliana kupanga kesi, ombi linakataliwa. Yaani wanandoa wakikaa mezani na chai wakaelewana kuachana kwa amani, hiyo ilikuwa njama. Waliorushiana matope kwa dhati ndio walikuwa salama.

Uingereza wenyewe waliachana na mambo hayo polepole. Kuanzia 1971 swali kuu kwa sheria yao likawa kama ndoa imevunjika isiweze kurekebishika, na kufikia Aprili 2022 hakuna haja ya kumlaumu mtu kabisa.

Sasa sisi. Hapa ndipo nilikasirika.

1967 serikali ya Kenyatta iliunda tume ya kuangalia sheria za ndoa na talaka, chini ya Jaji Spry. Tulikuwa na sheria za Wakristo, za Waislamu, za Wahindu, za kimila, kila mtu na yake. Ripoti ikatoka 1968, na mswada ukaandikwa. Tanzania wakachukua kazi hiyo hiyo ya Kenya, wakaitumia kutengeneza Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwao tangu mwaka huo korti inauliza kama ndoa imevunjika kabisa, na kabla ya korti mnapitia baraza la usuluhishi. Sio mbinguni, ukatili na uzinzi bado vinaletwa kama ushahidi. Lakini swali ni lingine.

Bunge letu lilikataa mswada huo 1976. Ukarudi 1979, ukakwama tena. Baadhi ya wabunge walilalamika kwamba utawanyima waume haki ya kuwachapa wake zao. Hiyo ilisemwa ndani ya bunge, na watu wazima waliovaa tai. Kwa hivyo mwaka wa 2012, wakati mathe alikuwa anapanda ngazi za wakili na risiti za shule yangu ndani ya mkoba, alikuwa bado anatumia orodha ya 1941. Sheria mpya ya ndoa ilikuja 2014. Miaka 73. Wazazi wangu waliikosa kwa miaka miwili.

Kuna mtu ataniambia shida ni uzungu, tungebaki na mila zetu. Sijui kama ni rahisi hivyo. Kwa jamii nyingi watoto walihesabiwa kuwa wa upande wa baba, na hakuna aliyemuuliza mama. Pwani, kwa mahakama za makadhi, kuna talaka, kuna khului, kuna faskhi, milango ni mingi zaidi. Msomi mmoja Mmarekani, Susan Hirsch, alikaa kwa hizo mahakama miaka ya 1980 na akaandika kitabu kilichotoka 1998. Alikuta wanawake ndio wengi wanaofungua kesi, na mara nyingi wanashinda, ingawa wamelelewa kuvumilia na kutotoa siri za nyumba. Hata huko, kushinda kulimaanisha kuongea mbele ya watu mambo uliyofundishwa kuyaficha.

Na sisemi makosa yasitajwe. Kuna mathe wa rafiki yangu alivunjwa mkono. Yule anahitaji neno ukatili liandikwe kwa herufi kubwa na mtu mwenye mhuri. Shida yangu ni kwamba sheria ilimpa mathe wangu neno hilo hilo, juu haikuwa na lingine, na likaisha nguvu kwa wote wawili.

Hiyo ya 2014 imeongeza ndoa kuvunjika kabisa kama sababu, lakini haikuweka makubaliano ya wawili. Uzinzi, ukatili na kutelekeza bado vimo kwa orodha. Kwa hivyo kama wazazi wako wako kortini saa hii na umeona karatasi, kumbuka karatasi hiyo imeandikwa kujibu maswali ya korti. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa ni kilichobaki baada ya wakili kuuliza "una nini kingine?"

Kitu kingine ambacho ningetaka mtu aniambie nikiwa na tisa. Kesi ya talaka na kesi ya watoto ni mbili tofauti. Kwa ile ya watoto nilipelekwa kwa afisa wa watoto, mama mpole mwenye peremende kwa droo. Akaniuliza ningependa kuishi na nani. Nilikunja karatasi ya peremende mpaka ikapasuka, nikasema mathe. Buda alikuwa nje kwa benchi na alikuwa ameninunulia soda.

Miaka kumi niliamini neno hilo moja ndilo lilimfukuza. Nikimwona akinirudisha Jumapili jioni, hashuki kwa gari, nilikuwa najiambia ni mimi. Halafu nikasoma Sheria ya Watoto ya 2001, ile iliyotumika kwetu. Inasema mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni, yapimwe kulingana na umri wake, yakiwa kitu kimoja kati ya vingi. Mtoto hapigi kura. Hakimu ndiye anaamua, na anaangalia shule, nyumba, nani yuko wapi saa kumi jioni. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema jukumu la baba na mama kwa mtoto ni sawa, waoane wasioane. Kwa hivyo hata hakimu hakumfukuza. Walimpa wikendi na likizo.

Nilimuuliza mathe kuhusu aya ya saba. Alikuwa anakata sukuma. Akaendelea kukata kidogo, kisha akasema, "Wakili alisema kesi ni nyepesi." Baadaye, tayari tumeshakula, akasema, "Hiyo ya watoto haikuwa kweli. Niliisaini tu."

Wiki hiyo nikampigia buda Nakuru. Nikamwambia nimepata zile karatasi. Akanyamaza. Akasema za mathe hakuwahi kumaliza, alifika aya ya sita akampa wakili wake ajibu, na yeye akasaini bila kusoma.

"Kwani ya saba inasema nini?"

Nikamwambia ni mambo ya kodi ya nyumba.