Michezo 34, Mwanzo Mmoja: Buenos Aires, 1927

Nilipoipitia mara ya kwanza michezo ya sataranji ya Buenos Aires ya mwaka 1927, nilichoka kabla ya kufika nusu. José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia tangu 1921, alipambana na Alexander Alekhine, Mrusi aliyehamia Ufaransa. Mshindi angekuwa wa kwanza kushinda mara sita, na sare hazikuhesabiwa. Walicheza michezo 34, na 32 kati yake ilianza vilevile: mweupe anasogeza askari wa malkia, anamtoa askari wa jirani kama chambo, na mweusi anakikataa. Sare zilikuwa 25! Mwenzangu wa bwenini alisema huo si mchezo, ni usingizi. Siku hiyo nilimkubalia.

Leo simkubalii. Chambo kile si zawadi. Kinamvuta askari mweusi aliye katikati ya ubao aondoke. Mweusi anapokikataa, humwegemeza askari huyo kwa mwenzake wa safu ya e, na ukuta unasimama imara. Tatizo ni kwamba ukuta huohuo unamfungia ndani askofu wake wa upande wa malkia. Kwa maoni yangu, mwanzo mzima ni ugomvi juu ya askofu huyo mmoja: atatoka lini, na kwa gharama gani? Dawa ya Capablanca ilijulikana: amle askari wa c, ampeleke farasi katikati, wabadilishane kete, kisha asukume askari wa c au wa e ili njia ifunguke. Chumba kilichojaa hupumua watu wakipungua.

Alekhine, ambaye hadi hapo hakuwahi kumshinda Capablanca, aliichambua michezo ya mpinzani wake kwa makini kabla ya kumkabili. Wengi humkumbuka kwa mashambulizi ya moto. Mimi namwona zaidi katika mchezo wa 34. Capablanca, akiwa mweusi, alitumia dawa yake yote; hata askofu yule alitoka, akabadilishwa. Mara tu baada ya hapo malkia wa Alekhine alipenya ubavuni, na kete zilipomaliza kulana, mweupe alibaki na askari mmoja zaidi kwenye safu ya a. Askari mmoja tu! Aliongozwa polepole, ngome zikimsindikiza, na mchezo ukafika hatua ya 82. Mchezo ulipoahirishwa, Capablanca hakurudi ubaoni. Alituma barua ya kukubali kushindwa.