Kibaba cha Mtu Mmoja na Sahani ya Jirani: Ulaji wa Wapweke katika Mji wa Unguja

Katika mwaka 1299 wa Hijra, uliowafikiana na mwaka 1882 wa Miladi, Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata alipofariki 1888, alitoa pesa ya shaba yenye jina lake upande mmoja na picha ya mizani upande wa pili. Na ingawa waandishi wa tarehe za wafalme aghalabu huipita sarafu hiyo bila ya kuitazama, wakashughulika na majumba yake, marikebu zake na mikataba yake na Wazungu, kwa mtu aliyekuwa akila peke yake katika mji ule hapakuwa na amali ya Sultani iliyopita mkononi mwake kila siku kuliko pesa ile. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwenye kununua kwa rupia alikuwa mwenye nyumba, mwenye wake, watoto na watumishi wa kulisha. Mwenye kununua kwa pesa alikuwa yule anayeteleka chungu kimoja kidogo, akapakua mwenyewe, akala mwenyewe. Pesa za shaba za Bara Hindi zilikuwa zimekwisha kuenea kabla yake, lakini mizani ile iliyochorwa kwa amri ya mfalme naiona kuwa ushahidi mwema kwamba hata biashara ya pesa chache ilistahiki kupimwa kwa haki.

Na wapweke walikuwa wengi. Mji wa bandari haukosi watu wasio na jamaa. Walikuwako mabaharia waliokuja na kaskazi kutoka Maskati, Shihiri na Kachi, wakakaa miezi kungojea kusi iwarudishe kwao. Walikuwako wahamali wa Kishihiri waliobeba mizigo forodhani na kulala vyumbani wengi wengi, ambao kila mmoja wao alikuwa na mfuko wake na tumbo lake. Walikuwako wajane wa mjini, na wazee ambao watoto wao wamesafiri bara wasirudi. Kisha ikaja amri ya 6 Aprili 1897 ya kuondoa utumwa katika sheria za Unguja, na baada yake ile ya 1909 iliyowaingiza masuria ambao amri ya kwanza iliwaacha nje. Na watu waliokuwa wakila katika sinia za mabwana zao, wema kwa waovu, wakajikuta Ng'ambo ya mji, katika vibanda vya makuti, hawana ukoo wa kuutaja wala mwenzi wa kumpikia. Wanawake wengi katika hao waliishi kwa kuuza vitumbua asubuhi, kusuka ukili, kufua nguo za watu na kupiga dobi. Uhuru wao ulikuwa na njaa yake, na ilibidi waipangie hesabu.

Hesabu hiyo ilianzia katika kipimo. Vibaba viwili vilifanya kisaga, vinne vilifanya pishi, na pishi 60 zilifanya jizla; jizla na gunia ni vya matajiri na wachuuzi, pishi ni ya mwenye nyumba, ama kibaba, ambacho ni takriban ratili moja na nusu ya mchele, kilikuwa ndicho posho ya siku ya mpagazi katika misafara iliyokwenda bara. Kwa maneno mengine, kipimo kidogo cha nafaka katika pwani yetu kilikuwa sawa na chakula cha siku moja cha mtu mmoja anayefanya kazi ngumu. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi sana, maana lina adabu kubwa ndani yake: mtu pweke alipokwenda dukani kwa Mhindi akataka kibaba, au nusu ya kibaba, hakuomba kukatiwa kitu cha watu wengi, alitaka kipimo chake, na mwenye duka alikipima bila ya kununa, kwa kuwa wanunuzi wa namna hiyo ndio waliompatia faida ya kila siku.

Sokoni nako mambo yalikwenda kwa mafungu. Soko la Darajani, lile lenye paa kubwa lililojengwa mwaka 1904, lilikusanya mahali pamoja nyama, samaki na mboga. Na mboga hazikupimwa kwa ratili, zilipangwa chini au mezani mafungu mafungu, bilingani tatu, bamia kiganja, mchicha kitita, ndimu nne. Samaki wakubwa walipigwa mnada, na mtu mmoja hana kazi na nguru mzima wala pandu la papa. Yeye alisubiri wachuuzi wauze vipande, au alingoja alasiri iingie, kwa kuwa samaki bila ya barafu hawezi kungoja kesho, na mwenye dagaa na vibua saa kumi na moja si mkali kama alivyokuwa saa tatu. Wenye akili ya kununua waliyajua majira haya. Walijua pia wakati gani jahazi za Arabuni zimeleta papa mkavu na ng'onda, kwa maana papa mkavu ni rafiki wa mpweke: haozi, kipande cha pesa moja kikirowekwa na kuchambuliwa hutia ladha mchuzi wa siku mbili, na harufu yake, ambayo wageni huilalamikia, humjulisha jirani kwamba leo huko ndani kumeiva.

Tumtazame kizee mmoja wa namna hiyo katika jiko lake. Kuni ni ghali kuliko mchicha, kwa hivyo yeye hakoki moto mara tatu kwa siku. Hukoka mara moja, alasiri, kwa makumbi na vifuu alivyoviweka tangu juzi, na kuni mbili tu za kushikia moto. Nazi hununua moja, akaivunja, nusu akaikuna kwa mbuzi na nusu akaifunika kifudifudi juu ya sahani, imngoje kesho. Tui la kwanza, lile zito, huliweka kando kwa ajili ya mchuzi. Machicha huyatia maji tena, akayakamua katika kifumbu, na tui hilo jepesi ndilo linalopikia wali wake wa nusu kibaba. Hula nusu ya wali ule usiku, na nusu nyingine hubakia chunguni, chini ya mkungu, kuwa mwiku wa asubuhi, aunywee chai au auchanganye na mchuzi uliolala, ambao wapishi wote wa pwani wanakubali kuwa ladha yake huzidi ule wa jana. Ukoko hautupwi. Maganda ya muhogo na mabaki ya mchicha humwendea kuku wake mmoja, na kuku huyo humpa yai. Mtu asiyejua akiona ulaji huu husema ni ubahili. Mimi nauita iktisadi iliyokamilika, maana hapakupotea punje, na mwenyewe alikula wali wa nazi kila siku kama wenye majumba.

Lakini hesabu hiyo peke yake isingetosha kumweka mtu katika raha, wala haikukusudiwa itoshe. Upande wa pili wa riziki yake ulikuja mlangoni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuusia sahaba wake Abu Dharr kwamba akipika mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake, na katika mji wa Unguja, kwa Masunni wa Kishafii na kwa Maibadhi vilevile, wasia huo ulikuwa umeingia katika mikono ya wapishi kiasi cha kwamba hawakuufikiri tena: mama akipima mchele wake alimhesabu na bibi wa nyumba ya pili. Waandishi wa desturi zetu, na mbele yao Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1903, wametuachia habari nyingi za karamu na arusi; nami napenda iandikwe pia habari ya sahani moja inayovuka kichochoro magharibi inapokaribia.

Ilikwenda mikononi mwa mtoto, imefunikwa kawa la ukindu ili jicho la mpita njia lisione kilichomo. Mtoto alipiga hodi, akatoa shikamoo, akasema, "Mama anakusalimu, bibi, kasema ukionje hiki," na bibi akajibu marahaba, akaipokea kwa mikono miwili na kumuombea mama yule azidishiwe. Hilo neno la kuonja lina staha yake. Hakuna aliyesema kwamba bibi ana njaa, wala kwamba anapewa sadaka. Aliombwa aonje, kama mjuzi wa mapishi anavyoombwa rai yake, na kwa kuwa ilikuwa hidaya, hata aliyekuwa na kiburi cha nasaba aliweza kuipokea bila ya kuvunjika uso. Na sahani haikurudi tupu. Ilirudi kesho yake, imeoshwa, na juu yake ndimu tatu, au vitumbua viwili, au majani ya mchaichai yaliyochumwa uani. Kidogo mno kuwa malipo, ila kilitosha kumfanya mpokeaji naye awe mtoaji. Naamini kwamba bila ya zile ndimu tatu desturi nzima ingalikuwa imekufa zamani, kwa sababu mtu huchoka kupokea upesi kuliko anavyochoka kutoa.

Mpweke mwerevu aliijua kalenda ya sahani kama alivyozijua saa za soko. Siku ya khitma katika mtaa hakuteleka. Mfungo sita wa maulidi ulimletea tende, halua na bakuli la pilau. Watu wa shamba wakija mjini hawakuja mikono mitupu, na wakati wa maembe na mafenesi hapakuwa na haja ya kununua tunda. Ramadhani ndiyo iliyompa kazi, kwani kabla ya mwadhini kuadhini alikuwa amekwisha kupokea tambi kwa huyu, ndizi mbichi za nazi kwa yule, kaimati, mkate wa kumimina na uji wa pilipili manga, vyote kwa tumbo moja lililoshinda tupu. Naye alikula kidogo kidogo, akabakisha mkate kwa daku, na kilichozidi akakipeleka mwenyewe msikitini au kwa mwingine aliyekuwa mkiwa kumpita. Kisha usiku wa Idi ikaja zaka ya fitri, ambayo pwani hukadiriwa kwa pishi ya mchele kwa kila nafsi, na kizee aliyejulikana mtaani aliweza kupata katika siku moja pishi kadhaa, akazitia katika mtungi mkavu, na kwa wiki nyingi akaenda dukani kununua mafuta ya taa na chumvi tu. Idi ya kuchinja ilimpa nyama, akaikata nyuzi nyuzi, akaitia chumvi na ndimu na kuianika juu ya moshi wa jiko.

Waseja walikuwa na njia yao ya kikoa, yaani kupika kwa zamu na kula pamoja, leo kwako kesho kwangu, na wahamali wengi waliokoa gharama ya kuni kwa njia hiyo.

Rupia iliondoka tarehe 1 Januari 1936, ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu, na watu wakazoea. Pigo lilikuja na vita. Sehemu kubwa ya mchele ulioliwa Unguja ilitoka Burma, na Wajapani walipoishika Burma mwaka 1942, mchele ule ulikatika mara moja. Serikali ikaweka mgao, na mgao ukapangwa kwa makabila, hawa wakaandikiwa mchele na wale wakaandikiwa unga wa mahindi, jambo lililoacha uchungu mkubwa katika nyoyo na kuwafanya watu wajiulize wao ni nani mbele ya dirisha la duka. Kwa mara ya kwanza kipimo cha mtu mmoja hakikuwa kile anachokitaka na kukiweza, kilikuwa kile alichoandikiwa. Nyumba iliyopimiwa kwa hesabu ya vichwa haikuwa tena na ule mchele wa bibi wa nyumba ya pili uliokuwa ukizidishwa bila ya kufikiriwa; sahani ikiwa ilitoka, ilibeba muhogo.

Vita viliisha na mchele ukarudi, na baadaye kilo ikaja ikakiondoa kibaba katika maduka. Sahani za Ramadhani zingaliko, ingawa kawa limekuwa nadra. Katika miezi mingine zimepungua, na hili linanisikitisha, kwa kuwa mwenye kula peke yake hali mwezi mmoja tu kwa mwaka. Darajani mafungu yamebakia, na pamoja nayo imebakia nyongeza: ukiwa mteja wa kila siku, unayenunua fungu moja la nyanya na la pili hulihitaji, muuzaji atakuwa amekwisha kukutilia kikapuni, bila ya kuombwa, nyanya moja ya juu.