Mwandishi wa Reli na Njia Iliyong'olewa

Hapa Bombambili, Songea, hatuamshwi na honi ya gari moshi. Anayetaka kupanda treni kutoka Songea hupanda basi kwanza, karibu kilomita 300, hadi Makambako kwenye stesheni ya TAZARA. Labda ndiyo maana huku jina la Mervyn Hill halitajwi, ingawa ni wanahabari wachache mno walioandika habari za reli za Afrika Mashariki kwa urefu kama yeye.

Hill alikuwa mhariri wa Kenya Weekly News, gazeti la walowezi lililotoka Nakuru. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, na shirika hilo ndilo lililochapisha kitabu chake, Permanent Way. Juzuu ya kwanza, 1949, ni ya njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901. Juzuu ya pili, 1957, ni ya reli za Tanganyika: ya Tanga, na ile ya Kati iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Hapo katikati aliandika pia historia ya kahawa ya Kenya, na baadaye ya kampuni ya magadi. Wenye mali walijua wa kumwita.

Kwa hiyo msome kama unavyomsikiliza mama akimsifu mwanawe siku ya harusi. Mengi ni kweli, ila hakutumwa kusema yote. Vijana wa Kingoni walikwenda umanamba Tanga, wakakata mkonge, na mkonge ukapanda treni. Historia iliyochapishwa na shirika la reli haiwezi kuwa yao.

Jina la kitabu, yaani “njia ya kudumu”, nalo lina kichekesho chake. Kwa mafundi wa reli wa Kiingereza, maneno hayo hayana majigambo yoyote: ni reli zenyewe, mataruma na kokoto, vikishatandikwa moja kwa moja baada ya njia ya muda ya wajenzi kuondolewa. Sasa tazama Kusini. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga katika sehemu kadhaa, Nachingwea ikiwamo, na reli ikajengwa kutoka pwani ya Lindi na Mtwara kwenda huko. Karanga zikashindikana, mradi ukaachwa 1951. Gati la Mtwara lilipokamilika mwaka 1954, shehena iliyokusudiwa haikuwapo tena. Juzuu ya pili ilipotoka, treni bado zilikuwa zikipita. Haikupita miaka kumi, njia ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Ya kudumu ikawa kitabu.

Leo makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yanashuka hadi bandari hiyohiyo ya Mtwara kwa malori, turubai juu, vumbi jeusi chini. Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay umetangazwa zaidi ya mara moja, lakini sijaona taruma hata moja.

Wapo wazee wa Kusini waliobeba mataruma ya Nachingwea, au waliojenga TAZARA kati ya 1970 na 1975. Kama una babu wa namna hiyo, chukua daftari ukamkalie leo jioni, umwulize alilipwa kiasi gani na nani alilala kitanda cha jirani kambini. Majibu hayo hutayapata kwa Hill.