Mng'ao wa madini ya urani ya Shinkolobwe

Mng'ao wa madini ya urani ni mwanga wa kijani unaotolewa na baadhi ya madini yenye ioni ya uranili yakimulikwa kwa miali ya urujuanimno. Shinkolobwe, karibu na Likasi (Jadotville hadi 1966), jimboni Haut-Katanga, ni chimbuko la madini kadhaa ya aina hiyo.

Miali huipandisha ioni kwenye hali ya msisimko. Inaposhuka, hutoa mwanga. Joto huzidisha mitetemo, na nishati hupotea bila kung'aa. Sampuli ikipozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi −196 za Selsiasi, mng'ao huongezeka na mistari ya spektra hutengana waziwazi.