Jasho kwa Ajili ya Asiyekujua

Mtu mzima akionekana anakimbia peke yake alfajiri kwenye barabara ya Sitalike, bodaboda wa kwanza kumpita atapunguza mwendo amuulize kuna nini. Msiba? Gari limemwacha? Mpanda, mkoani Katavi, watu hukimbia kwa sababu, na sababu zenyewe zinajulikana. Ndiyo maana mwalimu au muuguzi wa hapa anayeamua kukimbia marathoni yake ya kwanza, kilomita 42 na mita 195, ili achangishe fedha za watu asiowajua, ana kazi mbili. Ya miguu ndiyo nyepesi. Ngumu ni kueleza kwa nini akimbie yeye, nitoe mimi, apate mwingine.

Waingereza wana jibu lao. Mbio za London zilianza Machi 1981, zikiasisiwa na Chris Brasher na John Disley baada ya Brasher kukimbia New York mwaka 1979 na kurudi na hamu ya kuona umati wa namna ile mjini kwao. Tangu hapo wakimbiaji wamechangisha zaidi ya pauni bilioni 1. Utaratibu wenyewe una biashara ndani yake kuliko wengi wanavyodhani: taasisi ya hisani hununua nafasi, humkabidhi mkimbiaji, naye huahidi kuleta kiasi fulani, kisha huanza kuwaandikia jamaa na wafanyakazi wenzake. Kwa jicho langu, jasho hapo lina kazi moja, kumwondolea mwombaji haya. Mwingereza hapendi kuonekana akimnyooshea mwenzake mkono. Akishasema kwamba ataumia saa 5 barabarani, mkono unanyooka bila aibu, na mtoaji naye anapata cha kumtania.

Kanada walipata kitu kizito zaidi. Terry Fox, kijana aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani mwaka 1977, alianza Aprili 1980 kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia, karibu urefu wa marathoni kila siku. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373 saratani ilikuwa imeingia mapafuni, akasimama. Alifariki Juni 1981, akiwa na miaka 22. Kwake yeye hakuna aliyehitaji kuuliza miguu inahusiana nini na fedha. Ugonjwa aliouchangishia ulikuwa mwilini mwake. Wanaokimbia leo kwa ajili ya figo za mtu mwingine wamerithi mavazi ya Fox, wala si hoja yake.

Sasa rudi Mpanda. Hapa hakuna anayehitaji kuumia ndipo aombe. Kuna kamati ya harusi, kuna kadi, kuna kundi la WhatsApp ambalo kila jioni mweka hazina huweka orodha: fulani kamaliza, fulani kapunguza, fulani bado ahadi. Kuna rambirambi, na hizo haziombwi, zinapelekwa. Lakini fedha zote hizo hupita kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa. Nilikuchangia ulipomwoza mwanao, utanichangia binti yangu atakapoolewa, na kama umesahau, daftari halijasahau. Anayesema sisi ni wakarimu kwa asili hajawahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi. Ule ni mfuko wa akiba wenye kwaya na pilau.

Ukitaka jasho, nalo lipo, ila lina kazi yake. Wasukuma, ambao wamehamia kwa wingi katika mabonde ya Katavi na mifugo yao, wana bugobogobo: ngoma na majembe kwa pamoja, kundi likilima shamba huku likishindana kwa madaha. Vijijini kuna nguvu za wananchi: watu husomba mchanga na mawe, hupandisha boma la darasa mpaka kwenye lenta, halafu husubiri serikali ilete bati. Katika desturi hizo mwili wenyewe hutoa kitu. Jembe limelima, tofali limekaa ukutani. Kilomita 42 za mkimbiaji hazijengi hata choo. Basi mzee aliyesomba mchanga akiuliza, “Mwalimu, hizo nguvu si ungezileta kwenye bweni la wasichana?” hajafanya mzaha. Hilo ndilo swali zito kuliko yote, na London haina jibu lake kwa kuwa haijaulizwa kamwe.

Mimi ningemjibu mzee hivi: nguvu za wananchi hujenga pale wanapoishi wananchi wenyewe. Kijiji kinajenga shule yake. Hakivuki mto kwenda kujenga ya wengine, na hakuna wa kukilaumu. Jasho lile huishia mpakani, kama mchango wa harusi unavyoishia kwenye orodha ya jamaa na marafiki. Mbio za hisani hazina faida nyingine kubwa ninayoiona isipokuwa hii, kwamba zinavusha fedha hadi kwa mtu ambaye hatakurudishia, na ambaye hutakaa naye meza moja ukweni.

Dini zetu mbili kubwa zingeanza kwa kumtilia mkimbiaji shaka. Katika Mathayo sura ya 6 Yesu anakataza kupigiwa tarumbeta wakati wa kutoa sadaka. Aya ya 271 ya Al-Baqara inaikubali sadaka ya hadharani, lakini inaiona ya siri kuwa bora. Mtu mwenye namba kifuani na jina lake kwenye fulana amekaa upande mbaya wa maandiko yote mawili. Wapo watakaomtetea kwamba yeye hatoi, anahamasisha tu. Utetezi huo ni mwepesi mno. Naona afadhali hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume anaeleza kuwa nadhiri haibadilishi lililokadiriwa, ila kwa nadhiri hutolewa kitu mkononi mwa bakhili. Kwa mweka nadhiri ni maneno makali. Kwa mkimbiaji wa hisani ni maelezo kamili ya kazi yake: anajifunga kwa ahadi ngumu ili sisi mabakhili tukose pa kujificha.

Mfano ulio jirani zaidi ni wa Kenya. Januari 2014 Margaret Kenyatta, mke wa rais wa wakati huo, alizindua kampeni ya Beyond Zero dhidi ya vifo vya akina mama wajawazito na watoto wachanga, kisha akaamua kukimbia. Machi alimaliza nusu marathoni Nairobi. Tarehe 13 Aprili, siku chache baada ya kutimiza miaka 50, alikimbia London, akafika mwisho kwa saa 7 na dakika chache. Fedha zilikuwa za kununua kliniki zinazotembea kwa ajili ya kaunti zote 47.

Mtu ana haki ya kuuliza ni mkuu gani wa kampuni angethubutu kumnyima mke wa rais. Katika nchi ya harambee, ambako tangu enzi za Jomo Kenyatta, baba mkwe wake, majina na viwango husomwa kwenye kipaza sauti, kumchangia mkubwa ni pia kuonekana naye. Kuna na lile swali la kwa nini mjamzito angoje miguu ya mtu ndipo apate kliniki. Nayakubali yote hayo. Hata hivyo zile saa 7 hazikununuliwa kwa cheo. Mgeni rasmi wa harambee hufika amechelewa, hutoa bahasha, hupigiwa vigelegele na kuondoka wa kwanza. Huyu alilazimika kuwa wa nyuma, amechoka, mbele ya macho ya watu, na hakuna msaidizi aliyeweza kumpigia hatua hata moja. Nadhani hicho ndicho marathoni ilichokiongeza juu ya harambee, na si kidogo.

Kwetu Tanzania mtindo wa London umechukuliwa zaidi na mabenki. CRDB Bank Marathon ya Dar es Salaam imechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. NBC Dodoma Marathon imejikita katika saratani ya mlango wa kizazi. Fedha ni za kweli na wagonjwa ni wa kweli. Ila humo benki ndiyo inayoomba, mkimbiaji ni mnunuzi wa namba na fulana. Hajawahi kukaa uso kwa uso na shemeji yake akamwambia, “Toa elfu kumi kwa ajili ya mtu usiyemjua.” Mbio ambazo Mpanda inazifahamu zaidi ni za Mwenge wa Uhuru, ambazo mwaka 2017 zilizinduliwa mkoani humu, na zile nazo haziombi mateso ya mtu. Baina ya wilaya na wilaya hukimbia magari, na penye kusimama ni miradi inayokaguliwa. Moto ndio mheshimiwa, miguu ni usafiri.

Asiyekujua, hapa Katavi, si mtu wa kutafutwa mbali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 34. Kimeshuka, lakini bado ni msichana mmoja kati ya watatu. Na mkoa huu una historia yake na wageni. Kule Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Adrien Atiman, mtoto aliyeibwa Afrika Magharibi akauzwa utumwani, kisha akasomeshwa udaktari Malta, alifika mwishoni mwa miaka ya 1880 na msafara wa miguu kutoka pwani. Aliwatibu watu wasio wa lugha yake wala ukoo wake mpaka alipofariki mwaka 1956. Makazi ya Katumba na Mishamo yalijaa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Takriban 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walipewa uraia mwaka 2014. Leo nao wana kamati zao za harusi na madaftari yao. Mkoa ulioyaona hayo unaweza kuelewa mchango usio na ukoo, ukielezwa vizuri.

Ningemshauri mwalimu wetu, akiamua kuwachangishia wasichana hao waliozaa mapema, asiende Moshi. Kilimanjaro Marathon ni mbio nzuri, zimekuwapo tangu 2003, lakini nauli ya kwenda na kurudi, malazi na ada vitakula kiasi ambacho kingemnunulia msichana godoro na sanduku la bweni. Akimbie hapa, miezi ya kiangazi, aanze gizani kabla jua halijapanda. Sitalike iko takriban kilomita 35, penye viboko wa Mto Katuma na mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Zilizobaki azizungukie mjini kwanza, maana kuzimalizia ndani ya hifadhi ni kuwachangia simba.

Atakapopitisha daftari sokoni na ofisini, ataulizwa swali ambalo mkimbiaji wa London haulizwi: “Huyo binti ni wa nani?” Si umbea. Ndivyo mchango unavyofanya kazi hapa: unaandikwa dhidi ya jina la mtu, ili ijulikane deni liko wapi. Mwalimu analijua jina, pengine na kijiji, na hana ruhusa ya kulitaja. Msichana aliyezaa akiwa darasani amekwisha kutajwa vya kutosha. Basi kwenye kile kisanduku cha jina la mwenye shughuli itabidi aandike lake mwenyewe, akubali kwamba watakaotoa wanamdai yeye, na kwamba watakapowaoza watoto wao watakuja kwake.